Rangi Haipotelei Kwenye Waya

Miongoni mwa maswali yanayowafikia mafundi wa vyombo vya picha na sauti, hakuna linalorudiwa kwa ung'ang'anizi kama lile la waya: mtu ameunganisha kompyuta mpakato na televisheni, picha imetokea, sauti inasikika, lakini kila kitu ni cheusi na cheupe, naye anataka kuambiwa anunue waya gani ili rangi itoke. Swali hilo lina kosa ndani yake hata kabla halijajibiwa, kwa kuwa linachukulia kwamba rangi ilitoka salama kwenye kompyuta kisha ikadondoka njiani, kama maji yanavyovuja kwenye bomba bovu. Ukweli ni kwamba mara nyingi rangi imefika hadi ndani ya televisheni, na ni televisheni yenyewe iliyoizima, kwa sababu haikuitambua.

Kisa kinachojitokeza zaidi ni cha televisheni ya chogo, yaani ile yenye kioo cha tyubu na mgongo uliotokeza nyuma, ambayo bado imo katika sebule na vibanda vingi vya kuonyeshea filamu Afrika Mashariki. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 kwa upande wa Tanzania, hakukuiondoa, kwani king'amuzi kiliifanya iendelee kufaa kupitia matundu yake ya AV, yale ya duara ambamo huchomekwa plagi ya njano kwa ajili ya picha na plagi nyekundu na nyeupe kwa ajili ya sauti. Kompyuta mpakato za leo hazina tundu la namna hiyo. Nyingi zina tundu la HDMI, ambalo hutoa picha kwa mfumo wa dijitali. Kwa hiyo kati ya vyombo hivyo viwili huwekwa kibadilishi, kijisanduku kinachoenea kiganjani, chenye tundu la HDMI upande mmoja, matundu matatu ya AV upande wa pili, na ubavuni swichi ndogo ya kusukuma kwa ukucha iliyoandikwa PAL upande mmoja na NTSC upande mwingine. Wengi hawaioni swichi hiyo kabisa, na wanaoiona hudhani haiwahusu, ilhali ndiyo inayoamua kama rangi itaonekana au la.

Ili kuelewa sababu, inafaa kukumbuka kwamba televisheni ya rangi haikubuniwa upya kutoka mwanzo. Marekani ilipoidhinisha mfumo wake wa rangi, NTSC, mwishoni mwa mwaka 1953, nyumba nyingi tayari zilikuwa na televisheni za picha nyeusi na nyeupe, na wahandisi walilazimika kuificha rangi ndani ya mawimbi yaleyale bila kuziharibia picha seti hizo za zamani. Waliigawa picha sehemu mbili: mwangaza, unaoeleza ni wapi pana weupe na ni wapi pana giza, na rangi, iliyopakiwa juu ya wimbi dogo la kubebea rangi linalosafiri pamoja na mwangaza katika waya mmoja. Mwanzoni mwa kila mstari wa picha hutangulizwa mpigo mfupi wa wimbi hilo, wenye mizunguko ipatayo 10 tu, ambao unaitambulisha rangi kwa televisheni na kuipa kipimo cha kuisomea. Televisheni isiyoupata mpigo huo, au inayoupata ukiwa wa masafa mengine, huchukulia kwamba inapokea matangazo ya picha nyeusi na nyeupe, na hapo saketi maalumu, ile ya kuzima rangi, hufunga njia yote ya rangi ili kioo kisijae madoa ya kubahatisha. Saketi hiyo si hitilafu. Iliwekwa na watengenezaji kwa kusudi hilohilo.

Wajerumani na Wafaransa walichukua wazo hilohilo wakalirekebisha kila mmoja kwa njia yake. Mfumo wa PAL, uliobuniwa na mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, ulianza kutumika Ujerumani Magharibi mwezi Agosti 1967, na mfumo wa Kifaransa wa SECAM, kazi ya Henri de France, ukafuata Ufaransa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Tanzania, Kenya na Uganda zilifuata PAL, na Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yoyote, iliipata katika mfumo huo. Kwa sababu hiyo ving'amuzi vya eneo hili hutoa PAL bila kuulizwa. Kibadilishi kidogo cha HDMI hakijui kimeuzwa Kariakoo au Chicago. Hutoa kile ambacho swichi yake imeelekezwa, na mara nyingi hutoka dukani kikiwa kimeelekezwa NTSC.

Wimbi la kubebea rangi katika PAL ni la megahezi 4.43, yaani mizunguko milioni 4.43 kwa sekunde, wakati lile la NTSC ni la megahezi 3.58. Televisheni iliyoundwa kwa ajili ya PAL pekee ina fuwele ndogo ya kwatsi iliyokatwa kwa kipimo cha 4.43, na hakuna kurekebisha wala kubembeleza kutakakoifanya isikie 3.58. Linalowapotosha watu ni kwamba mambo mengine ya mifumo hii miwili yanakaribiana mno: PAL huchora mistari 15,625 kwa sekunde na NTSC mistari 15,734 hivi, tofauti isiyofika hata asilimia 1, na televisheni nyingi za chogo zinamudu pia kutoka mapigo 50 ya picha kwa sekunde hadi 60. Kwa hiyo picha hukamatika vizuri, ikatulia, nyuso zikaonekana na maandishi yakasomeka, huku rangi peke yake ikikataliwa mlangoni. Mtazamaji anayeona picha safi namna hiyo anahitimisha kwamba kila kitu ni sawa isipokuwa waya, na hapo ndipo anapoanza kupoteza pesa.

Imani hiyo ya waya inastahili kuvunjwa kipande kwa kipande, kwa kuwa inawagharimu watu wasio na cha kugharimia. Waya wa njano una njia moja tu ya shaba na kizingio chake. Mwangaza na rangi hupita humohumo kwa pamoja, na shaba haina uwezo wa kuchagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Waya ukikatika, picha hupotea yote. Ukigusagusa, picha hucheza na kuchirizika. Ukiwa mrefu na mwembamba kupita kiasi, masafa ya juu hudhoofika, lakini picha nzima hufifia na kukosa makali kabla rangi haijaondoka. Waya wa mita moja na nusu unaoleta picha nyeusi na nyeupe iliyo thabiti hauna kosa lolote. Anayelishuku jambo hili auchomoe waya huohuo, aupeleke kwenye king'amuzi, kisha atazame televisheni ileile: rangi itatokea. Kipimo hicho huchukua dakika moja, hakihitaji kifaa chochote, na inasikitisha kwamba hufanywa na wachache mno kabla ya kwenda dukani.

Upo ushahidi mwingine ulio wazi zaidi, nao umo kwenye kioo chenyewe. Mtu akikaribia televisheni ya PAL inayolishwa NTSC, akaangalia kwa umbali wa shubiri moja mahali ambapo pangepaswa kuwa na rangi iliyokolea, tuseme khanga nyekundu au jezi ya mchezaji, mara nyingi ataona vitone vidogo sana vilivyopangika kama matundu ya chekecheke, vikitambaa juu ya rangi ya kijivu. Kichujio cha televisheni kimewekwa kuondoa 4.43 kwenye mwangaza, hivyo 3.58 inapenya na kuchoreka pamoja na mwangaza. Vitone hivyo ndivyo rangi. Imesafiri ndani ya waya unaolaumiwa, imefika kwenye kioo, na iko hapo mbele ya macho ikiwa haijasomwa.

Kuhusu kebo za HDMI zenye plagi za rangi ya dhahabu, zinazouzwa kwa ahadi ya kurudisha rangi, ni lazima isemwe bila kuzunguka kwamba ahadi hiyo si ya kweli. HDMI hupeleka picha kwa tarakimu, na kebo yake inaposhindwa, kioo hujaa vimulimuli, hukatikakatika, huwa cheusi kabisa au huandika kwamba hakuna picha inayopokelewa. Haiwezi kushindwa kwa namna ya kuiacha picha kamili na kuinyang'anya rangi. Dhahabu kwenye plagi ina kazi moja ya maana, nayo ni kuzuia kutu, jambo lenye manufaa kwa mkazi wa Tanga au Mombasa ambako hewa ya chumvi hula vyuma, lakini halihusiani na rangi. Iliyo mbaya kuliko hiyo ni kebo isiyo na kisanduku chochote katikati, yenye plagi ya HDMI upande mmoja na plagi za njano, nyekundu na nyeupe upande mwingine: ndani yake hamna saketi ya kugeuza tarakimu kuwa mawimbi, kwa hiyo ikiunganishwa na kompyuta haitoi rangi wala kivuli, na kuiuza kwa kazi hiyo ni kumdhulumu mnunuzi.

Dawa nyingine inayopendekezwa na mafundi wasio makini ni kuongeza kiwango cha rangi kwa rimoti hadi 100. Kiwango hicho huzidisha rangi iliyokwisha kusomwa. Pale saketi ya kuzima rangi ilipofunga njia, kinachozidishwa ni sufuri. Zaidi ya hayo, mtu husahau kurudisha kiwango mahali pake, na siku mfumo unaporekebishwa nyuso za watu hutokea nyekundu kama tanuri, kisha televisheni nzima ikahukumiwa kuwa imeharibika. Wapo waliofunguliwa televisheni na kubadilishiwa vipuri kwa tatizo ambalo lingemalizwa kwa kusukuma swichi ya kibadilishi, na hilo halivumiliki, kwa sababu ndani ya televisheni ya chogo kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Yanayopaswa kufanywa ni machache. Swichi ya kibadilishi isukumwe upande wa PAL, kisha kichomolewe kwenye umeme wake wa USB na kurudishwa, kwa kuwa baadhi ya vibadilishi husoma swichi vinapowaka tu. Kama swichi haipo, ifunguliwe menyu ya televisheni na kutafutwa mfumo wa rangi: seti nyingi, hasa zilizotengenezwa kwa soko la nchi za Ghuba, husoma mifumo kadhaa na zinahitaji tu kutolewa kwenye PAL na kuwekwa kwenye chaguo la kujitambulia zenyewe au NTSC 3.58. Aliyeleta televisheni ya chogo kutoka Marekani afanye kinyume, aiache swichi kwenye NTSC. Kwa kompyuta za zamani zenye tundu la S-Video, lile la duara lenye pini nne, mwangaza na rangi hutoka katika njia mbili tofauti, hivyo plagi ya kubadilishia isiyoziunganisha vizuri itapeleka mwangaza peke yake. Pia mfumo wa PAL hauna budi kuchaguliwa ndani ya mipangilio ya kadi ya picha. Kwa televisheni bapa, tundu la kijani mara nyingi hupokea pia plagi ya njano, na iwapo chanzo kilichochaguliwa kwa rimoti ni kile cha matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu badala ya AV, televisheni huusoma waya huo kama mwangaza mtupu. Hapo chanzo kibadilishwe tu. Kama hata kioo cha kompyuta yenyewe kimekuwa cha kijivu, kilichowashwa ni kichujio cha rangi cha Windows, ambacho huzimwa kwenye mipangilio, na pale njia yake ya mkato inaporuhusiwa huwashwa au kuzimwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na C kwa pamoja.

Picha iliyokosa rangi moja tu, ikawa ya manjano au ya buluu mwili mzima, ni habari tofauti: huko ndiko waya hushukiwa kwa haki, hasa wa VGA, ambao hubeba nyekundu, kijani na buluu katika pini tatu mbalimbali, na pini moja iliyopinda huondoa rangi yake peke yake. Picha ya kijani na zambarau kupitia HDMI nayo husababishwa na kompyuta na televisheni kutokubaliana juu ya namna ya kuandika rangi, na hurekebishwa katika mipangilio ya kadi ya picha.

Hata baada ya rangi kurudi, maandishi madogo ya kompyuta hayatasomeka vizuri kwenye televisheni ya chogo, kwa kuwa PAL ina mistari 576 tu inayoonekana. Ukubwa wa picha ya kompyuta ushushwe na herufi zikuzwe, na kwa kazi ya kuandika itumike televisheni yenye tundu la HDMI.