Kinga inapopitiliza

Wagonjwa wengi waliozidiwa na Uviko-19 hawakuzidiwa siku za mwanzo, virusi vilipokuwa vingi mwilini. Walizidiwa wiki ya pili. Homa imeanza kushuka, ndugu wameanza kushukuru, mara pumzi inabana na kiwango cha oksijeni kwenye damu kinaporomoka.

Hapo adui mkubwa si kirusi tena. Seli za kinga huitana kwa kemikali ziitwazo saitokini. Kwa kawaida wito hutulia virusi vikishindwa. Kwa baadhi ya watu hautulii. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, majimaji hujaa kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na damu huganda pasipotakiwa.

Cha kushangaza, kinga hii inayopitiliza mara nyingi hutanguliwa na kinga iliyochelewa. Moja ya saitokini hizo, intaferoni, ndiyo huzuia virusi visizaane katika siku za kwanza. Mwaka 2020, kundi la mtafiti Jean-Laurent Casanova liliwapima wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa Uviko. 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoizima intaferoni yao wenyewe. Virusi vikaenea bila kipingamizi, na kinga ilipoamka ilikuta kazi kubwa mno.

Ndiyo maana suala la wakati lina uzito mkubwa katika tiba. Juni 2020, watafiti wa jaribio la RECOVERY nchini Uingereza walitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10.

Nusu ya pili ya matokeo hayo ndiyo inayoniumiza, kwa sababu haikusikika sana. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikusaidia: walikufa asilimia 17.8 ya walioipata, dhidi ya asilimia 14 ya wasioipata. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha madhara, lakini inatosha kumfanya muuza dawa asite. Anayemeza vidonge vya dawa hiyo siku ya pili ya mafua, bila kupimwa oksijeni, anaituliza kinga saa ileile anayoihitaji kuliko saa nyingine yoyote.