Ubongo na Kompyuta Ijifunzayo

Wanafunzi wengi huuliza: je, kompyuta hujifunza kama mtu? Tuanze na ubongo. Mtoto wa Goma ajifunzaye kuendesha chukudu huyumba, huanguka, huinuka. Na kila mara chembe za fahamu kichwani mwake hupelekeana habari. Kwa mtu mzima chembe hizo hukadiriwa kuwa bilioni 86. Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alieleza kwamba chembe mbili zikiamshana mara kwa mara, kiungo baina yao huzidi nguvu, mfano wa njia ikanyagwayo kila siku.

Miaka sita kabla yake, McCulloch na Pitts wa Marekani walikuwa wamekwisha kuieleza kazi ya chembe kwa hesabu. Kisha mwaka 1958 Frank Rosenblatt akaonyesha kompyuta iliyojifunza kutofautisha kadi zenye alama kushoto na zenye alama kuume. Kompyuta za leo zijibuzo maswali ni wajukuu wa kazi hiyo.

Lakini jina lile, "mitandao ya neva," lisitudanganye. Ndani yake hamna chembe hai. Mna namba tu, zisahihishwazo kidogo kidogo kila jibu likosapo. Tena huhitaji mifano maelfu kwa maelfu, ambapo mtoto aliyekwisha kuona chukudu mbili tatu huitambua ya nne, hata ikiwa imekatika usukani na kupinduka kando ya barabara.