Acetaminophen na paracetamol: usimeze dawa ileile mara mbili

Mzigo wa ndugu aliyetoka Marekani ukifunguliwa, hukosi kukuta dawa za maumivu, mara nyingi chupa kubwa ya Tylenol. Bibi mwenye magoti yanayomsumbua anapewa vidonge viwili. Baada ya saa moja bado anaumwa, anaongeza Panadol mbili za dukani, akiamini hizo ni dawa nyingine.

Ni ileile. Chupa ya Marekani imeandikwa acetaminophen, pakiti ya hapa imeandikwa paracetamol.

Majina yote mawili yalikatwa kutoka jina moja refu la kikemia, para-acetylaminophenol. Wamarekani waliacha mwanzo na mwisho wake, wakabaki na acetaminophen. Waingereza walishika mwanzo na mwisho, wakaruka ya katikati, ikawa paracetamol. Hata Tylenol ni vipande vya jina hilohilo. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1955 ikiwa dawa ya maji ya watoto. Mwaka uliofuata Panadol ikaingia sokoni Uingereza. Afrika Mashariki ilirithi jina la Waingereza, ambalo ndilo linalotumiwa pia na Shirika la Afya Duniani.

Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aliye mwembamba sana, mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza, maana kiwango chake huenda kikawa chini ya hapo. Vidonge vya Marekani navyo havilingani: kuna vya miligramu 325, 500, hata 650. Dawa nyingi za mafua zina dawa hiyohiyo ndani, na baadhi ya lebo za huko huandika APAP tu.

Ikizidi huharibu ini, tena kimyakimya. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu kidogo, au asisikie chochote. Hospitalini ipo dawa ya kuzuia madhara, acetylcysteine, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Aliyezidisha asisubiri kuumwa ndipo aende.

Kwa watoto, angalia zaidi. Dawa ya maji ya Marekani huwa na miligramu 160 katika mililita 5; nyingi za hapa zina 120. Kijiko cha kule si kijiko cha huku. Kiwango cha mtoto hufuata uzito wake, na mfamasia atakupigia hesabu ukimpelekea chupa yenyewe.