Msamaha, Nafuu na Marejesho: Istilahi za Kodi na Ukuaji wa Filamu Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu filamu, msamaha wa kodi ni istilahi inayobebeshwa dhana tatu tofauti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkanganyiko huo si wa maneno tu, bali huamua nani atanufaika filamu inapopigwa katika mkoa kama Mara.

2.0 Dhana Tatu

Tunapendekeza msamaha umaanishe kufutiwa kodi ambayo ingedaiwa, mathalani ushuru wa forodha wa kamera. Nafuu ni kupunguziwa kiwango cha kodi ya faida. Lakini filamu hula fedha muda mrefu kabla ya kuingiza chochote, na asiye na faida hapati kitu katika nafuu hiyo. Marejesho ni serikali kumrudishia mtayarishaji sehemu ya fedha alizotumia nchini, awe amepata faida au la. Morisi ilianza utaratibu huo mwaka 2013 kwa asilimia 30. Kwa kiwango hicho, atumiaye shilingi milioni 100 hurudishiwa milioni 30; ajaye na kila kitu chake akatumia milioni 10, hupata milioni 3 tu.

3.0 Hali ya Mara

Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, hifadhi ambayo sehemu yake imo mkoani Mara, ilitolewa mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mandhari yalisifiwa duniani, lakini Musoma haikupata tasnia ya filamu. Aidha, stempu za kodi zilizoanzishwa nchini mwaka 2013 zililenga kulinda mapato ya filamu zilizokwisha kutengenezwa, si kuvuta kazi mpya. Marejesho yangeweza kuwafikia seremala, mshonaji na dereva wa Mukendo, pamoja na mfasiri wa Kijita, Kizanaki au Kikurya.

4.0 Hitimisho

Hata hivyo, motisha hizi huigharimu hazina. Jimbo la Louisiana, Marekani, lililoanza kuzitoa kwa wingi mwaka 2002, lililazimika kuziwekea kikomo mwaka 2015. Hapana budi, basi, gharama zinazostahili marejesho zifafanuliwe kwa makini: ujira wa wakazi wa mkoa utajwe, na kazi za lugha, yaani tafsiri, uingizaji sauti na maandishi ya chini ya picha, zitajwe kwa majina yake. Kazi isiyotajwa katika sheria ni rahisi kufanyiwa kwingineko.