Watoto, Iddi na Karafuu

Wanachama wenzangu,

Iddi ikiangukia msimu wa mchumo, kila mtoto hutaka fedha zake za sikukuu. Mwaka jana mwanangu wa miaka 10 aliparamia mkarafuu kwa siri, tawi likamkatikia. Alhamdulillahi, alipata michubuko tu. Lakini mkarafuu hauna ahadi. Tawi lake hukatika ghafula.

Basi nyumbani tukajaribu jambo jipya. Watoto wakitoka chuoni hukaa jamvini na bibi yao, wakatenga karafuu na makonyo. Kila mmoja hupimiwa kwa pishi, na mama yao huwalipa. Makonyo nayo hatutupi, kwani hutolewa mafuta.

Siku ya Iddi walimnunulia bibi yao kanga. Nanyi jaribuni, mtini tupande wakubwa.

Wasalaam.