Kuacha Pombe kwa Msaada wa Kikundi

Katika miteremko ya Mlima Meru migomba hustawi sana, na sehemu ya mavuno yake hutengenezwa pombe. Ndizi mbivu huchemshwa, hupozwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kaboni dayoksaidi, na hivyo mbege hupatikana. Pombe hii hunywewa arusini, msibani na katika kusuluhisha ugomvi. Mtu akatayekataa kibuyu huweza kudhaniwa kuwa anawadharau wenzake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuacha pombe hupambana na mambo mawili kwa pamoja: kileo kilichouzoea mwili wake, na desturi za watu wanaomzunguka.

Uraibu ni nini?

Kileo hupunguza kasi ya kazi za ubongo. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake hujirekebisha kwa kuongeza msisimko ili kuushinda ulegevu huo. Matokeo yake ni kwamba huhitaji pombe nyingi zaidi ili kupata hali ileile. Pombe ikikosekana, msisimko hubaki bila kizuizi: mikono hutetemeka, jasho hutoka na usingizi hupotea. Hali hii, iitwayo uraibu, si laana wala ukosefu wa haya; ni badiliko katika mwili. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza utengenezaji wa gongo bila kibali, na mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Hata hivyo, sheria hupunguza upatikanaji wa pombe tu. Haiponyi ubongo uliokwisha kuizoea.

Hatari ya kuacha ghafla

Mraibu aachaye pombe ghafla huweza kuanza kutetemeka katika saa 6 hadi 24 za kwanza, na pengine kupatwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, na wasipotibiwa huweza kufa. Hivyo basi, ni kosa kwa jamaa kumfungia mtu wa namna hii chumbani ili aikome pombe. Hana budi kupelekwa hospitali, mathalani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru jijini Arusha, au kituo cha afya kilicho karibu, ili waganga wampime na kumpa dawa zinazofaa.

Kazi ya kikundi

Kileo kikishatoka mwilini, kazi ndefu zaidi huanza, nayo ni kuishi bila kunywa. Mwezi Juni 1935, mjini Akron nchini Marekani, Bill Wilson, aliyekuwa mfanyabiashara wa hisa, na Robert Smith, daktari mpasuaji, walianzisha umoja uitwao Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina. Wote wawili walikuwa waraibu. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyepitia taabu kama yake. Mwaka 1939 umoja huo ulichapisha hatua 12 za kufuatwa. Hatua hizo humtaja Mungu, lakini kwa jinsi kila mmoja amwelewavyo. Sharti la kujiunga ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada.

Mkutanoni watu hutajana kwa jina la kwanza pekee. Anayetaka husimulia maisha yake, na wengine humsikiliza bila kumhukumu. Mgeni aweza kukaa kimya mpaka mwisho. Yanayosemwa hapo hayapelekwi nje. Mwanachama mwenye uzoefu huweza kumlea mgeni, ili siku ya kushawishiwa apate mtu wa kumwendea.

Je, njia hii hufaa? Mapitio ya kitaalamu yaliyotolewa mwaka 2020 yalichunguza tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kuwa mipango ya matibabu iliyowaongoza wagonjwa kwenye vikundi hivyo iliwasaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazokubalika. Hata hivyo, si kila mtu hufanikiwa mara ya kwanza. Anayerudia kunywa ahitaji kurudi kikundini, wala asifukuzwe.

Jinsi ya kukipata

Anayetafuta kikundi aanze kwa kuuliza hospitalini, katika idara ya afya ya akili, au kwa viongozi wa dini, kwa kuwa mikutano mingi hufanyika katika kumbi za ibada. Aulize siku, saa na lugha itumiwayo, na kama mkutano ni wa wote au wa waraibu peke yao. Mkazi wa kijijini anayeogopa kutambuliwa na majirani aweza kupanda daladala na kuhudhuria mjini. Mahali pasipo na kikundi, watu wawili wenye nia moja wanatosha kukianzisha, kama ilivyokuwa mwaka 1935.

Mwanafunzi ambaye mzazi wake ni mraibu naye huhitaji msaada. Hawezi kumponya mzazi wake, wala si yeye aliyeusababisha ugonjwa huo. Mwalimu akimweleza hayo faraghani, kisha akaielekeza familia hospitalini, atakuwa amemwondolea mtoto mzigo usiokuwa wake.