Mchezaji wa Tabora naye ni mfanyakazi

Agosti 16, 2023, Kitayosce, timu ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Tabora United, iliingia uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ikiwa na wachezaji wanane. Ilikuwa mechi yake ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Azam FC. Usajili ulikuwa umekwama na sehemu kubwa ya kikosi haikuwa na ruhusa ya kucheza. Azam ikafunga mabao manne haraka haraka, matatu yakiwa ya Feisal Salum, kisha wachezaji wa Kitayosce wakaanza kukaa chini. Walipobaki pungufu ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo.

Watu walicheka sana. Mimi niliwafikiria wale wanane. Ukimpanga mtu azibe pengo la wenzake watatu, unaomba msuli wake uchanike, na ukichanika, maumivu ni yake peke yake. Novemba 7, 2024, klabu hiyohiyo ilimfunga Yanga 3-1, na Tabora nzima ikalala kwa furaha. Ushindi tunaujadili hadi vijiweni. Mshahara wa aliyeuleta, na nani atamtibu goti, hatuulizani.

Mji huu ungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, yaani Tabora hii, hadi Bagamoyo, mzigo wa frasila mbili hivi begani, yaani kama kilo 32, safari ya miezi. Wengi wao walikuwa watu wa ujira. Walipatana malipo kabla mzigo haujainuliwa, na njiani walidai posho ya chakula, iliyotolewa kwa vitambaa na shanga. Posho ikipunguzwa, au wakiswagwa kupita kiasi, waligoma kambini. Wengine walitoroka usiku na kumwacha tajiri na mizigo yake porini. Wasafiri wa Kizungu waliopita hapa waliwalalamikia mno katika vitabu vyao. Mimi nikiyasoma malalamiko hayo nawaona watu waliojua thamani ya mabega yao.

Safari bado ni ndefu. Timu ya Tabora ikienda kucheza na Namungo kule Ruangwa kwa barabara, inakata zaidi ya kilomita 1,200, na hiyo ni kwenda tu. Julai 9, 2021, basi la Polisi Tanzania lilipata ajali mjini Moshi na mshambuliaji Gerald Mdamu akavunjika miguu yote miwili. Februari 10, 2025, basi la Dodoma Jiji lilianguka mkoani Lindi likitoka hukohuko Ruangwa. Kwa mchezaji, basi la timu ni sehemu ya kazi kama lilivyo eneo la penalti.

Na kwa kuwa ni kazi, sheria ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anayechangia. Hakatwi mfanyakazi hata senti. Anayeumia kazini hutibiwa, anayepata ulemavu hulipwa fidia, na akifariki wategemezi wake wana haki yao. Sioni kwa nini fundi wa kiwandani ahesabiwe humo, halafu winga mwenye mkataba na mshahara wa mwezi achangishiwe nauli ya hospitali kwenye kundi la WhatsApp. Fedha imeingia kwenye mpira wetu: mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi.

Kuhusu mshahara, tangu Juni 2018 kanuni za FIFA zinasema wazi: klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili bila kulipa kinyume cha sheria, mchezaji anaweza kuiandikia, akaipa siku 15, na isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali. Lakini kanuni hiyo inamfaa mwenye karatasi mkononi. Nimekaa na vijana waliosaini wakiwa wamesimama, kalamu ya kuazima, na nakala pekee ikaondoka na kiongozi.

Huko chini, kwenye ndondo, mechi za mtaani, hali inatisha zaidi. Kijana anaanguka, mwenzake anakuja na kidumu cha maji, anamwagiwa kichwani, anapuliziwa dawa ya ganzi kifundoni, anapigwa kofi la mgongo, anarudi. Kama amegongwa kichwa, hakuna anayemuuliza hata leo ni siku gani. Desemba 4, 2016, Ismail Khalfan wa Mbao FC alifunga bao katika mechi ya vijana dhidi ya Mwadui, uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Muda mfupi baadaye alianguka, na akafariki. Alikuwa anacheza ligi ya vijana inayosimamiwa, siyo ndondo.

Michezo mingine nayo ilisubiri msiba. Oktoba 2023, Adam Johnson, mchezaji wa hoki ya barafu, alikatwa shingoni na kiatu chenye kisu katika mechi mjini Sheffield, akafa. Ndipo Uingereza ikaanza kuwalazimisha wachezaji kuvaa kinga ya shingo. Wenzao wa ligi ya NHL, Amerika Kaskazini, wana chama chao tangu 1967, na chama ndicho kinachokaa mezani na matajiri kupanga kima cha chini cha mshahara na matibabu. Wachezaji wetu nao wanahitaji chama kinachoogopwa.

Mzazi wa Isevya, Ng'ambo au Cheyo ambaye mwanao ameitwa na klabu, nenda naye siku ya kusaini. Omba nakala ya mkataba uondoke nayo. Uliza tarehe ya mshahara, uliza namba ya klabu WCF, uliza moyo wa mtoto utapimwa lini na hospitali gani, na majibu yaandikwe. Kiongozi akikwambia hayo mtazungumza msimu ukianza, mrudishe mwanao nyumbani kwanza.